Kurusha Mpira Mbele ya Mkwe

Timu ya taifa ya kriketi ilipokuwa ikipigwa na kila aliyetaka kuipiga, wakubwa wa Nairobi walikumbuka kwamba nchi hii ina watu hata huku kwetu. Kabla ya hapo kriketi ilikuwa ya Wahindi na Wazungu wachache. Sisi tuliupita uwanja wao tukienda sokoni, tukashangaa watu wazima waliovaa nguo nyeupe wakisimama juani siku nzima wakingoja mpira uwafikie. Lakini Uhuru ulikuwa umekuja, na ilionekana vibaya timu ya taifa kushindwa bila hata Mwafrika mmoja wa kushindwa pamoja nayo. Basi wakamtuma mtu azunguke wilayani atafute wachezaji.

Wajukuu wangu hawaamini. Wananiambia, "Nyanya, Kisii na kriketi wapi na wapi?" Wao wanajua kandanda na mbio tu. Haya, wanyamaze wasikilize.

Mjini Kisii kulikuwa na mwenye duka la vitambaa, Mwislamu, mtu mkarimu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Yeye ndiye aliyekuwa nahodha wa kilabu cha pale. Kila Jumapili mimi niliwapikia wachezaji chai na chapati chini ya kibanda cha mabati kando ya uwanja. Jumapili haikunisumbua, maana sisi ni Wasabato na siku yetu ya kupumzika tulikuwa tumekwisha kuipumzika. Mchezo wenyewe niliuelewa polepole. Kuna vijiti vitatu vimechomekwa ardhini, na mtu mwenye gongo bapa anavilinda. Mwingine anakuja mbio kutoka upande wa pili anarusha mpira kuvilenga. Upande wa anayerusha nako kuna vijiti vingine vitatu, na nyuma yake anasimama mwamuzi mwenye koti jeupe. Akiinua kidole, mwenye gongo anatoka. Asipoinua, watu wananung'unika mpaka saa ya chai.

Mume wangu aliingia kriketi kwa sababu ya mbwa. Alikuwa mpakiaji wa ndizi kwenye malori pale Keumbu. Siku moja mbwa aliiba paja la mbuzi kwa mchinjaji akakimbia nalo barabarani. Mume wangu akaokota ndizi mbichi, akairusha, ikampata mbwa kwenye sikio akiwa mbali kiasi cha kuonekana kama paka. Nyama ikaanguka. Mchinjaji akaipangusa akaitundika tena, na nina hakika iliuzwa. Mwenye duka la vitambaa alikuwa amesimama hapo. Hakuuliza habari ya nyama. Aliuliza, "Ndugu yangu, mkono huo unaufanyia nini Jumapili?"

Wakamfundisha. Kriketi haitaki kiwiko kikunjwe. Mkono unazunguka umenyooka mpaka mpira unatoka juu ya kichwa. Nyumbani kwetu Birongo alichomeka vijiti vitatu mbele ya zizi akawa anarusha kutoka migombani kila jioni. Ng'ombe wetu aliacha kushtuka. Mimi nilipoteza chungu kimoja, nikasema niliyosema, akahamisha vijiti.

Mume wangu hakuwa mtu wa kutaka vitu. Ukimpa ugali anakula, ukichelewesha anangoja. Lakini iliposemwa kwamba mchaguzi anakuja kutafuta warushaji wa timu ya taifa, nikamwona amebadilika. Akaacha kulalia mkono wa kulia. Nikimpa mtoto ampakate, anampokea kwa mkono wa kushoto kama anayepokea kuni. Nikamuuliza, "Mkono huo mwingine umeuweka wapi?" Akasema, "Unapumzika." Nilijua sasa kwamba kitu hiki anakitaka, na kwamba akikikosa nitakaa na mtu mwenye huzuni ndani ya nyumba yangu, jambo ambalo silipendi.

Siku ya majaribio ilihitaji waamuzi wawili. Mmoja alipatikana upesi, mwalimu Mzungu wa shule ya sekondari, kijana mwenye miwani minene. Wa pili ndiye aliyeleta kelele. Wachezaji wa mjini walikuwa wa maduka mawili yaliyotazamana, na kila mwamuzi aliyetajwa alikuwa binamu wa mtu. Duka hili likisema fulani, duka lile linasema, "Huyo? Huyo atainua kidole hata kwa mtu anayekunywa maji." Mwisho wakasikia kwamba huko Ikonge kuna mzee aliyetunza uwanja wa Wazungu wa mashamba ya chai ya Kericho kwa miaka mingi, akawa anawaamulia michezo yao, na kwamba aliwahi kumtoa mwajiri wake mwenyewe kwa mpira wa kwanza. Maduka yote mawili yakasema huyo huyo.

Mzee huyo alikuwa baba yangu mzazi.

Hakuna aliyetuambia. Mwenye duka mwenyewe alijua asubuhi ile ile, aliponiona nimeinamisha kichwa kumsalimu mzee. Akafurahi kweli. "Kumbe ni nyumba moja! Mkwe anarusha, mkwe anaamua! Vizuri sana, mchezo utakuwa na heshima."

Heshima ndiyo ilikuwa taabu yenyewe. Sisi Abagusii tuna kitu kinaitwa chinsoni. Ni haya iliyowekwa kati ya mtu na wazazi wake, na kwa wakwe ni kali zaidi. Mwanamume hamgusi baba wa mke wake, hampigii kelele, havui nguo mbele yake hata shati, wala hapeleki mkono sehemu za katikati ya mwili wake mwenyewe huku mkwe anaona. Na mkwe naye halazimishwi kuona. Wakikutana njiani, kila mmoja anatafuta upande wake wa njia. Siyo chuki. Wanaopendana ndio wanaifuata sana.

Sasa tazama kriketi inavyotaka. Mrushaji akipata joto, anavua sweta na kumkabidhi nani? Mwamuzi. Mwamuzi anaifunga kiunoni mwake. Kabla ya kurusha, mrushaji anausugua mpira ung'ae, na anausugulia wapi? Kwenye suruali, juu ya paja, karibu na pale pasipotajwa. Na mpira ukigonga mguu wa mwenye gongo badala ya vijiti, mrushaji anatakiwa amgeukie mwamuzi, anyooshe mikono, na kumpigia kelele usoni, "Vipi hapo?" Ukimwambia mtu abuni mchezo wa kumtesa Mgusii na baba mkwe wake, hawezi kufanya zaidi.

Mchaguzi alikuja kutoka Nairobi na kofia pana na mwavuli. Akaketi kando ya jiko langu kwa sababu ndipo palipokuwa na kivuli na chapati. Asubuhi aliwatazama wengi. Askari mmoja alipiga mpira vizuri sana, lakini kila mkubwa wake alipopita barabarani aliacha gongo akapiga saluti, na vijiti vikaanguka. Mwalimu wa Nyamira aliudaka mpira kwa koti akakataa kuurudisha mpaka apigiwe makofi. Utingo wa lori alikimbia kama swala, ila hakujua pa kusimama. Alipita vijiti, akapita uwanja, wakamrudisha kutoka karibu na kituo cha petroli. Mchaguzi alikuwa anatikisa kichwa na kuongeza chai.

"Mama, hawa ndio wote?"

"Bado mmoja," nikasema.

Mume wangu alikuwa tangu asubuhi upande wa nyuma akinyoosha mkono wake, hajaona kitu, na mimi sikumwambia, nikihofia atarudi nyumbani. Mwenye duka akamrushia mpira. Akaja amejiamini, sweta safi, kifua mbele. Akafika kwenye vijiti, akainua macho, akamwona nani ndani ya koti jeupe.

Nimewahi kuona ng'ombe akisimama hivyo mbele ya daraja.

Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwetu, akamwona pia. Hapo hapo akageuza uso akaanza kuitazama milima ya Manga kama aliyeletwa kuilinda. Mume wangu akarudi nyuma, akazunguka, akaanza kukimbia kutoka mbali, upande kabisa, kama anayemkwepa fahali. Mpira ukaenda kwa watazamaji. Wa pili ukaenda kwenye sufuria yangu ya maziwa. Jua lilikuwa kali na jasho linamtiririka, lakini sweta hakuivua. Mpira hakuusugua hata mara moja. Aliushika kwa ncha za vidole kama yai la mtu mwingine.

Kisha mpira mmoja ukaenda sawa, ukamgonga mwenye gongo mguuni mbele kabisa ya vijiti. Uwanja mzima ukapiga kelele, "Vipi hapo?" Mwenye duka aliyekuwa anadaka nyuma ya vijiti aliruka juu. Mtu mmoja tu hakupiga kelele, naye ni aliyerusha. Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

Watu wakamgeukia mwamuzi. Tata akaondoa macho kwenye milima ya Manga polepole.

"Sikuona," akasema.

"Mzee, hukuona vipi? Umesimama hapo!"

"Sikuwa nikitazama."

Mchaguzi akaweka kikombe chini. "Huyu ndiye mliyenisifia njia nzima? Mrushaji asiyedai haki yake ni wa kazi gani? Mpira hasugui, hadai, anakimbia kama mwizi. Na mwamuzi wenu anaangalia mandhari. Huyu hana moyo. Mpeni mwingine mpira."

Mwenye duka akaja mbio akipepea mikono. "Bwana, leo ana kitu! Wallahi nyumbani anavunja mpaka vyungu!"

"Kimoja," nikasema.

Wakapumzika kunywa chai. Mume wangu akaja nyuma ya kibanda, akakaa juu ya mzigo wa kuni, maji yanamtoka kila mahali.

"Vua sweta," nikamwambia.

"Ananiona."

"Yuko upande ule anakunywa chai."

"Akigeuka je?"

"Unataka kwenda Nairobi au hutaki?"

Akanitazama vile ambavyo hakuwahi kunitazama hata siku ya kuposa. "Nataka," akasema. "Lakini siwezi kumpigia kelele baba yako, mama watoto. Nitawezaje kuja kula kwao tena?"

Nikaenda kwa mchaguzi. Sikuzunguka. Nikamwambia mwamuzi yule ni baba yangu, na mrushaji yule ni mume wangu, na nikampa habari ya sweta, paja na kelele. Alisikiliza mdomo wazi, kisha akacheka mpaka kofia ikaanguka kwenye majivu.

"Basi mtoeni mzee!"

Maduka mawili yakasikia, yakakataa kwa sauti moja, na nadhani hiyo ndiyo siku ya kwanza kukubaliana. Mzee akitoka, mchezo unavunjika. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho mwenye duka akasema mrushaji si lazima arushe kutoka upande ule. Arushe kutoka upande wa pili, nyuma yake atasimama yule mwalimu Mzungu, na mzee atakaa pembeni, mbali kidogo, kama mwamuzi wa pili anavyokaa. Sweta atampa Mzungu. Na kelele, mchezaji yeyote anaruhusiwa kuzipiga, basi yeye mwenye duka atazipiga kwa niaba ya mwenzake. Hilo la mwisho alilisema kwa hamu.

Ilibaki kusugua. Kutoka pembeni Tata alikuwa anaona kila kitu, paja na vyote.

"Hilo niachie mimi," nikasema.

Mchezo ukaanza tena. Mume wangu akavua sweta, akampa Mzungu, nikaona mabega yameshuka. Akarusha mpira wa kwanza karibu na vijiti. Mpira uliporudi, akautembeza mpaka ukingoni mwa uwanja niliposimama. Nikaupokea, nikausugua kwenye aproni yangu mpaka ukang'aa kama tufaha, nikamrudishia. Akarusha. Ukapita karibu zaidi. Akaja tena. Watu wakaanza kushangilia kila nikisugua. Nikawa nautemea na mate kidogo kama nilivyowaona wao wakifanya.

Hapo Tata akainua mikono yote miwili akasimamisha mchezo. Akaja moja kwa moja mpaka niliposimama, amevaa koti lake jeupe, akitazama juu ya kichwa changu.

"Wewe ni mchezaji?"

"Hapana, tata."

"Umeandikwa timu gani?"

"Hakuna, tata. Mimi ni wa chai."

"Na huo mpira umeufanya nini?"

"Nimeupangusa."

"Na mate?"

Nikafuta mdomo kwa aproni.

Akageukia uwanja akatangaza kwa sauti ya Kericho, kwamba mpira umeguswa na mtu asiye mchezaji, hautatumika tena, na uletwe mwingine uliochakaa usiompa mtu faida. Kisha akaniambia kwa Ekegusii, polepole, "Rudi kwenye sufuria zako." Watu walicheka mpaka wengine wakalala kwenye majani. Nilirudi kwenye sufuria zangu nimenyoosha mgongo. Nilikuwa na watoto nyumbani na sikuwa wa kufukuzwa uwanjani, lakini nilifukuzwa.

Mwenye duka akachakura mfuko, akatoa mpira mmoja mzee, umekwisha kabisa, ngozi imenyofoka. Mpira wa namna hiyo hausuguliwi na mtu yeyote. Usugue nini? Hauna hata pa kung'aa. Mume wangu akaupokea, akaugeuza mkononi, nikaona anatabasamu.

Mpaka leo sijui kama Tata alifikiria hilo. Nilimtazama sana siku zilizofuata nisione kitu usoni mwake.

Mume wangu akarusha mpira ule mbovu moja kwa moja kwenye kijiti cha katikati, ukakingoa. Vijiti vikianguka hakuna haja ya kumwuliza mwamuzi. Hakuna kelele wala kidole. Mwenye gongo anaona mwenyewe na anaondoka. Mwingine akaja, kijiti kikaanguka. Ndugu wa mwenye duka akaja akijigamba, "Mimi siye mbwa wa Keumbu!" Na yeye vikamwangukia nyuma akiwa bado anaongea. Mwenye duka alipiga kelele za "Vipi hapo?" kila mara hata pasipohitajika, maana alikuwa ameahidiwa.

Jioni mchaguzi akasimama juu ya kiti changu, bila kuniomba. Akasema amezunguka wilaya nyingi na hapa amepata alichokitafuta. Watu wakamsukuma mume wangu mbele.

"Huyo pia," mchaguzi akasema. "Lakini kwanza yule mzee. Nairobi tuna majaribio ya mwisho, na kila siku waamuzi wanagombana na wachezaji. Nataka mtu anayeweza kumfukuza binti yake mwenyewe uwanjani. Mzee, utakuja?"

Tata akasema atakuja.

Nilimwona mume wangu akipigiwa makofi mgongoni, anacheka, kisha kicheko kikakatika ghafla. Akainama sikioni mwangu.

"Uwanja wa Nairobi nao una pande mbili?"

"Una pande mbili," nikamwambia. "Leo lalia mikono yote miwili."

Wakaondoka, huyu na basi la asubuhi na yule la mchana, ili wasiketi pamoja. Nilikaa nikingoja habari. Mwenye duka alipata simu kwamba mume wangu anarusha vizuri kupita wote, na kwamba ameshapimwa suti ya taifa. Nikawaambia wanawake wa Birongo kisimani. Sikujisifu, niliwaambia tu, kila mmoja kwa wakati wake.

Kisha Ijumaa moja jua linatua, nikasikia mtu njiani, na kabla sijamwona nilisikia harufu. Alisimama mlangoni na mfuko wake.

"Umefukuzwa?"

"Sikufukuzwa."

"Umeumia?"

"Sikuumia."

"Basi kaa hapo hapo nje, useme."

Akaketi kwenye kigoda. Akasema waliwekwa wote, wachezaji na waamuzi, kwenye bweni moja la shule. Bafu lilikuwa moja kubwa, halina milango, bomba zimepangwa ukutani watu wanaoga uchi wakitazamana na kuongea habari za mchezo. Yeye siku ya kwanza akachungulia, akawaza, na mzee akiingia? Akasema ataoga kesho. Kesho akaamka alfajiri, akakuta taulo la mzee limetundikwa, akarudi kitandani. Ikawa hivyo kila siku. Kama kulikuwa na mtu wa kueleza jambo hilo kwa wakubwa, hakuwa yeye.

"Na kunuka hivi hawakusema?"

"Walisema. Wakanihamishia kitanda dirishani. Nikakuta kitanda cha pili dirishani ni cha mzee."

"Tata? Kwa nini?"

Akatazama chini. "Na yeye alikuwa hajaoga. Lile taulo lilikuwa kavu siku zote. Alikuwa ananiogopa mimi."

Nilitaka kukasirika, lakini hasira haikuja. Nikamwuliza wakubwa walisema nini. Akasema walimwambia suti iko tayari, wiki ijayo wanacheza na wageni, abaki. Akawaambia kwao kuna shida.

"Shida gani?"

"Yule ni mzee, mama watoto. Atakaa hivyo mpaka lini? Nikatoka ili aoge."

Nikaingia ndani nikaweka maji motoni, debe zima.

Timu ya taifa ilicheza na wageni wale bila yeye, ikapigwa vilevile. Tata aliamua mchezo mpaka mwisho ndipo akarudi. Safari hiyo hakushukia Ikonge kwanza. Alikuja mpaka Birongo, akasimama barabarani, hakuingia, maana mume wangu alikuwepo. Nikatoka kumsalimu. Alikuwa msafi, kola nyeupe, ananukia sabuni ya mjini.

"Mwambie mtu wako," akasema akitazama migomba, "maji ya Nairobi ni ya moto."

Akashika njia. Nikarudi ndani nikamwambia. Mume wangu akaniuliza, "Amesema hivyo?"

"Amesema hivyo."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka akamwamsha mtoto, na mimi nikamwambia aliyemwamsha ndiye atakayembembeleza.